Moto Usiopita kwenye Mita: Mjadala wa Nishati ya Kaya Kwedizinga

Upimaji wa nishati ya nyumbani huanza kwa kuchagua mahali pa kusimama, na uchaguzi huo huamua mapema kitakachoonekana na kitakachopotea machoni. Anayesimama mbele ya mita ya umeme huona taa, jokofu na pasi, ilhali anayesimama jikoni huona mafiga, kuni, mkaa na sufuria. Katika kata ya Kwedizinga, wilayani Handeni, na vivyo hivyo katika vijiji vya upande wa Korogwe, sehemu kubwa ya nishati ya kaya, yaani ya watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja, haipiti kwenye waya wowote, bali huingia nyumbani ikiwa mzigo wa kuni kichwani mwa mwanamke au gunia la mkaa nyuma ya baiskeli, bila risiti na bila kumbukumbu. Swali linalojadiliwa hapa ni jinsi ya kuupima moto huo, na ni kwa haki gani kaya inaweza kuambiwa iupunguze.

Sauti tatu zimepangwa zijibizane. Ya kwanza ni ya Mwalimu wa fizikia, anayeamini kwamba kisichopimwa hakiwezi kusimamiwa. Ya pili ni ya Mpishi, mama wa nyumba ambaye ndiye mtumiaji halisi wa nishati hiyo. Ya tatu ni ya Mchoma Mkaa. Hawa si watu halisi bali ni misimamo, ingawa kila msimamo una wenyewe katika eneo hilo.

Mwalimu: Kipimo kilicho karibu na kila kaya yenye umeme ni uniti ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, ambayo ni kilowati-saa moja, yaani kazi inayofanywa na kifaa cha wati 1,000 kikiwaka kwa saa nzima. Nyumba yenye balbu nne za wati 9 zinazowaka saa tano kila usiku hutumia wati-saa 180 kwa siku; ikiongezwa televisheni ya wati 60 kwa saa nne, pamoja na simu mbili tatu za kuchaji, jumla hufika karibu wati-saa 450, ambazo kwa mwezi ni uniti 13 au 14. Kifaa kinachoshukiwa kula umeme hubainika bila fundi: vifaa vingine vyote huzimwa, hicho kimoja huachwa kiwake, kisha huhesabiwa mimweko ya taa ndogo iliyo usoni mwa mita, kwa kuwa mita yenyewe imeandikwa idadi ya mimweko inayofanya uniti moja. Ikiwa imeandikwa 1,000, basi kila mmweko ni wati-saa moja. Kwa njia hiyo, jokofu kuukuu lenye mpira wa mlango uliolegea hujitaja lenyewe ndani ya saa chache.

Mpishi: Hesabu hiyo ni sahihi, Mwalimu, lakini ni hesabu ya sebuleni. Kaya nyingi za huku hazina jokofu la kushtakiwa, na nyingine hazina hata huo waya. Kinachomwamsha mama alfajiri si balbu ya wati 9, ni moto wa uji, ukifuatwa na moto wa mchana na moto wa jioni, na hakuna hata mmoja kati ya mioto hiyo uliomo kwenye uniti 14 zilizotajwa.

Pingamizi hilo ndilo linaloubeba mjadala wote, na jibu lake linapatikana kwa hesabu ileile ya Mwalimu ikisogezwa hatua chache kutoka sebuleni hadi jikoni. Kuni zilizokauka vizuri hubeba takribani megajuli 16 za joto kwa kila kilo, na uniti moja ya umeme ni sawa na megajuli 3.6. Tuseme kaya huchoma kilo 5 za kuni kwa siku: hizo ni megajuli 80, sawa na uniti 22, na kwa mwezi ni uniti zipatazo 667, karibu mara 50 ya umeme wa nyumba iliyoelezwa na Mwalimu. Mpango wowote wa kupunguza matumizi ya nishati unaoanza na kuishia kwenye balbu unashughulikia sehemu moja ya hamsini, hata kama umeandikwa kwa nia njema na kuchapishwa kwa rangi nzuri.

Mwalimu: Basi jiko lipimwe. Njia zinazotumiwa na watafiti wa majiko ni tatu, na zote zimejengwa juu ya mizani ya kawaida. Ya kwanza ni kuchemsha kiasi cha maji kinachojulikana na kupima kuni zilizotumika. Ya pili ni kumpa mpishi chakula halisi, kwa mfano maharage ya uzito uleule, akipike juu ya majiko tofauti. Ya tatu, ambayo ndiyo yenye ukweli mwingi zaidi, ni kupima rundo la kuni la nyumbani kila siku kwa siku kadhaa mfululizo, pamoja na kuandika idadi ya waliokula, bila kumwelekeza mpishi abadili chochote. Mizani ya kuning'iniza inayotumiwa na wanunuzi wa mahindi inatosha.

Mpishi: Njia ya tatu ndiyo ya haki, kwa sababu ile ya kwanza hupima maji na hakuna anayekula maji ya moto. Isisahaulike kwamba mafiga matatu hayapiki tu. Huwapa watu joto asubuhi ya baridi, hukausha mahindi ya mbegu yaliyotundikwa juu yake, na moshi wake hufukuza wadudu. Jiko jipya linaloletwa na kusifiwa kwa uchache wa kuni likishindwa kazi hizo, mafiga hurudi kuwashwa kando yake, na kaya hubaki na mioto miwili badala ya mmoja.

Hata hivyo, jaribio la maji lina somo ambalo haliwezi kupatikana kwingine, na linastahili kufuatwa kwa utulivu. Kuchemsha lita 4 za maji kutoka nyuzi 25 hadi nyuzi 100 kunahitaji megajuli 1.26, kiasi cha theluthi moja ya uniti, na kiasi hicho hakibadiliki, chanzo cha moto kiwe kuni, mkaa au umeme. Kinachobadilika ni ufanisi, yaani ile sehemu ya joto la kuni inayoingia ndani ya chungu badala ya kupotelea hewani. Ufanisi wa mafiga matatu yaliyo wazi kwa kawaida huwa kati ya asilimia 10 na 15. Kwa hiyo lita hizo 4 hugharimu zaidi ya nusu kilo ya kuni kavu, na joto la karibu sehemu saba kati ya nane huishia kwenye kuta, hewani na machoni mwa mpishi. Kuni mbichi huongeza hasara, kwa sababu moto hulazimika kwanza kuyachemsha maji yaliyomo ndani ya kuni zenyewe.

Somo la pili ni la mvuke, na hapa ndipo penye akiba kubwa isiyodai kununua chochote. Maji yakishachemka, kuongeza kuni hakuyapandishi joto zaidi. Joto la ziada huyageuza kuwa mvuke, na kila lita inayopotea hivyo huondoka na megajuli 2.26, joto ambalo lingetosha kuchemsha lita 7 nyingine za maji baridi. Sufuria ya makande, mchanganyiko wa mahindi na maharage ambao kaya nyingi za mkoa wa Tanga huupenda, ikiachwa wazi juu ya moto mkali kwa saa tatu na kuongezewa maji mara kwa mara, hulisha mvuke kuliko inavyolisha watu. Yakilowekwa mahindi na maharage tangu usiku, yakifunikwa kwa mfuniko mzito, na kuni zikivutwa nje mara tu baada ya kuchemka hadi ubaki moto mdogo wa kutokotesha, chakula kilekile huiva kwa kuni chache zaidi. Sufuria iliyochemka inaweza hata kuondolewa motoni kabisa na kufukiwa ndani ya kikapu kilichoshindiliwa majani makavu au nguo kuukuu, ambamo joto lililokwishaingia humaliza kazi lenyewe.

Mpishi: Mambo hayo hayakuvumbuliwa na mizani. Bibi waliopika Handeni katika miaka ya njaa na ukame walijua kuloweka, kufunika na kuvuta kuni. Kilichowashinda wengi si ujinga bali siku yenyewe: mama aliyetoka shambani saa nane, akafuata maji, akarudi na watoto wenye njaa, hawezi kusubiri moto mdogo. Naye bada, ugali wa muhogo, hasongwi ndani ya kikapu. Anataka moto wa nguvu na mkono. Kama Mwalimu ataandika daftari la kuni, basi liwe na safu ya saa za mama pia, maana kuni zilizopungua kwa kumwongezea kazi hazikupungua bure.

Dai hilo la safu ya saa linapaswa kukubaliwa na kila anayefanya upimaji wa nishati vijijini, kwa sababu muda wa kutafuta na kupasua kuni ni sehemu ya gharama ya nishati sawasawa na fedha. Safu nyingine inayostahili kuwemo ni ya moshi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba uchafu wa hewa ya ndani ya nyumba, unaotokana hasa na kupikia kuni, mkaa na mafuta ya taa, ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na wanaokaa karibu zaidi na moshi huo ni wanawake na watoto waliobebwa mgongoni.

Mjadala unapofika kwenye mkaa, hesabu inageuka, na kaya inayojiona imeendelea kwa kuacha kuni inaweza kushangazwa nayo. Mkaa hubeba karibu megajuli 30 kwa kilo, karibu mara mbili ya kuni, na jiko lake la kawaida lina ufanisi wa asilimia 25 hivi. Zile lita 4 za maji huchemka kwa gramu 170 tu. Lakini mkaa huo ulikuwa mti. Tanuri la kienyeji la udongo, ambamo magogo hupangwa, hufunikwa kwa majani na udongo kisha huchomwa kwa hewa kidogo, mara nyingi hutoa kilo 10 hadi 20 za mkaa kutoka kilo 100 za kuni. Kwa wastani wa asilimia 15, gramu 170 zimetokana na zaidi ya kilo moja ya kuni, takribani mara mbili ya kiasi ambacho mafiga matatu yangechoma kwa kazi hiyo hiyo. Zaidi ya hayo, kuni za kijijini mara nyingi ni matawi makavu yaliyookotwa, ilhali tanuri hutaka shina zima la mti uliosimama. Jiko la mkaa lina moshi kidogo na mpishi ana haki ya kulipenda, ila hasara yake kubwa imetokea porini kabla gunia halijafika mlangoni, mahali ambapo mpimaji wa nyumbani hafiki.

Mchoma Mkaa: Mahali hapo panafikika, Mwalimu, ila wapimaji huja na vitabu vya faini. Tanuri hutoa mkaa kidogo kwa sababu huwashwa kwa haraka na magogo yangali mabichi, na haraka hiyo hutokana na kutokuwa na kibali na kutokuwa na hakika kwamba mti ulioachwa leo utakuwapo kesho. Mvua zikikatika na mahindi yakanyaukia shambani, mkaa ndio ghala la kaya. Wanaoula mkaa huo wengi hawapo kijijini. Gunia hupandishwa kando ya barabara kuu likaelekea Tanga au Dar es Salaam. Ikiwa ni kupunguza, waanze wale ambao umeme wao haukosekani.

Mwalimu: Hoja ya haraka ina ukweli, na ina dawa. Magogo yakiachwa yakauke kwa wiki kadhaa, yakapangwa bila mianya mikubwa, na tanuri likawekewa bomba la kuongozea moshi, mavuno yanaweza kupanda hadi robo ya uzito wa kuni au kuzidi. Wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, mradi ulioanza mwaka 2012 chini ya Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania na mtandao wa MJUMITA uliviwezesha vijiji kutenga sehemu ya misitu yao kwa mkaa, kuigawa katika vitalu vidogo vinavyovunwa kwa zamu ya miaka 24 ili visiki vichipue, na kubakiza ushuru kijijini. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakipa kijiji cha Handeni uwezo uleule wa kumiliki na kusimamia msitu wake.

Mchoma Mkaa: Miaka 24 ni mirefu kwa mtu anayedaiwa ada ya shule mwezi huu. Ila zamu inayojulikana, yenye kibali na bei ya halali, ni bora kuliko kukimbizana porini.

Hoja yake kuhusu umeme usiokosekana kwa wengine ina historia nzito katika ardhi hii hii. Mto Pangani unaopita Korogwe umezalisha umeme kwa miongo mingi: kituo cha Hale, chenye uwezo wa megawati 21, kilianza kazi mwaka 1964, na kituo kipya cha Maporomoko ya Pangani, chini kidogo ya Hale, kikaongeza megawati 68 mwaka 1995. Nguvu hiyo ilisafiri kwenda Tanga na Dar es Salaam miaka mingi kabla ya vijiji vilivyo chini ya nyaya zake kuunganishwa, na ni baada ya Wakala wa Nishati Vijijini, REA, kuanza kazi mwaka 2007, na ada ya kuunganishiwa vijijini kuwekwa kuwa shilingi 27,000, ndipo nyumba za udongo zilipoanza kupata mita. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lililoundwa kwa uwezo wa megawati 2,115, liliwasha mtambo wake wa kwanza mwaka 2024, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei mwaka huo huo unalenga kaya asilimia 80 zipikie nishati safi ifikapo 2034.

Mpishi: Nishati safi iliyofika kwanza ni mtungi wa gesi wa kilo 6, na ni kitu chema. Lakini mtungi hujazwa kwa fedha ya mara moja, ilhali mkaa hununuliwa kwa kopo, leo kopo moja na kesho jingine. Kwa hiyo gesi huchemshia chai ya asubuhi na kumpashia mgeni mchuzi, nayo makande hurudishwa mafigani, kwa hofu ya kuumaliza mtungi kwa sufuria moja.

Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa chakula kinachochukua saa tatu ndicho kinachokula nishati nyingi kuliko vyote, na ndicho hasa kinachobaki kwenye kuni hata katika nyumba yenye gesi. Hapo ndipo jiko la presha la umeme linapopaswa kutazamwa, si kama anasa ya mjini bali kama chombo cha makande. Ni sufuria iliyofungwa kabisa na kuzungushiwa kizuia joto, inayopika kwa mvuke ulioshindiliwa na kujizima yenyewe. Haimwachii mvuke njia ya kutoroka na haimdai mpishi kuilinda. Shirika la TaTEDO limekuwa likieneza majiko ya aina hiyo Tanzania, na majaribio ya upishi yaliyofanywa Afrika Mashariki yameonyesha kwamba sufuria ya maharage huiva kwa karibu nusu uniti au pungufu. Kaya inayopika hivyo kila siku ya mwezi itaongeza uniti zisizozidi 15, ambazo pamoja na 14 za taa na televisheni hazifiki hata nusu ya 75, kikomo ambacho hadi hapo, kwa bei zilizowekwa mwaka 2016 na EWURA, mdhibiti wa bei za nishati, mtumiaji mdogo wa kundi la D1 hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo.

Mwalimu: Kwa maneno mengine, matumizi ya umeme yanapanda kwa uniti 15 ili matumizi ya nishati yote ya kaya yashuke kwa mamia. Mita ikitazamwa peke yake itasema kwamba kaya hiyo imekuwa mfujaji.

Mpishi: Na matumizi yakishuka, mama hatakaa akitazama akiba. Atapika maharage siku nne za wiki badala ya mbili, atachemsha maji ya kunywa, atawapa watoto uji wa pili. Je, daftari litasema ameshindwa kupunguza?

Swali la Mpishi liliwahi kuulizwa kwa namna nyingine na mwanauchumi Mwingereza William Stanley Jevons mwaka 1865, alipoonya kwamba mashine zinazotumia makaa ya mawe kwa ufanisi zaidi hazikupunguza matumizi ya makaa hayo bali ziliyaongeza, kwa kuwa ziliifanya kazi yake iwe ya bei nafuu. Kwa viwanda vya Uingereza lilikuwa onyo. Kwa jiko la Handeni, ongezeko hilo ndilo lengo. Kaya iliyokuwa ikiacha maharage kwa uhaba wa kuni haikuwa ikibana matumizi, ilikuwa ikibana lishe, na upimaji unaoshindwa kutofautisha mambo hayo mawili haufai kupewa nafasi ya kuelekeza sera. Kinachopaswa kupungua ni kuni kwa kila sufuria iliyoiva, saa za kazi kwa kila mlo na moshi kwa kila pumzi, si idadi ya sufuria.

Mchoma Mkaa: Limebaki jambo la mita yenyewe. Katika boma moja huishi baba, watoto wake wawili waliooa na mjane wa ndugu, kaya nne zenye vyungu vinne, na mita ni moja.

Mwalimu: Hapo hesabu ya uniti 29 inavunjika, mzee wangu. Kaya nne ni uniti 116, na kila uniti inayozidi 75 katika kundi hilo hutozwa shilingi 350. Mita inahesabu waya, haihesabu vyungu.

Mpishi: Basi watakaoamua bei mpya wahesabu vyungu, na sufuria ya makande iingizwe kwenye hesabu yao kabla ya jokofu.